Kulinda masikio ukipiga muziki Lubumbashi: mwongozo kamili, kuanzia mazoezi hadi kwa daktari

Mtu anayefanya kazi kwenye kinu cha kuponda mawe ya shaba hapa Katanga anatakiwa avae kinga ya masikio, sawa na kofia na buti. Jumamosi jioni mtu huyohuyo anashika gitaa la besi kwenye sale (ukumbi) ya arusi huko Kampemba, anasimama mita moja kutoka kwenye matoazi ya dramu, bafle (spika kubwa) limemgeukia mgongoni, na anacheza saa nne bila kitu chochote masikioni. Kelele ya pale jukwaani inaweza kuwa sawa na ya kinuni, au hata kuipita. Sikio halichagui: likigongwa na jiwe au na sebene (ile sehemu ya rumba ya magitaa na kucheza), linaumia vilevile.

Nawaandikia wanaopiga kwenye baa za Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, kwaya na vikundi vya makanisani, fanfari (bendi za tarumbeta), pamoja na mafundi wenzangu wa sono (mitambo ya sauti). Msimamo wangu niuseme mapema: kuziba masikio si hatua ya kwanza. Kwanza bendi ipunguze kelele inayojitengenezea yenyewe, halafu kinachobaki ndicho kizibwe. Tena kizibo cha mwanamuziki si kile cha mgodini, ingawa cha mgodini ni bora mara kumi kuliko kukosa.

Kinachoharibika

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo chenye umbo la konokono, na ndani yake seli kama elfu kumi na tano zenye vinyweleo. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa ikizidi muda, seli zinachoka, kisha zinakufa. Kwa binadamu hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Madhara ya kelele huanza kuonekana kwenye sauti kali, yaani zile nyembamba za juu, hasa karibu na hezi 4000 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde). Ndiyo maana mtu hajishtukii. Besi anaisikia, ngoma anaisikia, watu wakimsalimia anaitika. Kinachopotea ni ncha ya sauti: herufi kama s, f na t kwenye maneno ya mwimbaji, mng'ao wa matoazi, kucha kwenye uzi wa gitaa. Akiwa ni fundi wa sono, hapo balaa linaongezeka. Haisikii tena sauti kali, basi anaongeza aigu (hizo sauti kali) kwenye table (meza ya kurekebisha sauti) mpaka yeye aridhike, na sale nzima inachomwa masikio. Ukisikia sono inayokata kama wembe, mwangalie vizuri aliyeketi kwenye table.

Pima kabla ya kubishana

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazihesabiwi kama kilo za unga. Kila zikiongezeka 3, nguvu inayoingia sikioni inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda wa usalama unakatika nusu. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, ni hiki: desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 saa 2, kwa 94 saa 1, kwa 97 nusu saa, kwa 100 robo saa. Ukifika 103 umebakiwa na dakika saba na nusu, yaani wimbo mmoja wa rumba na sebene yake.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2022 kanuni za kumbi na matamasha: wastani wa sauti, ukipimwa kwa dakika 15, usizidi desibeli 100 pale wasikilizaji walipo. Hiyo ni kwa mtu aliyekuja kustarehe mara moja moja. Wewe uko pale kila wiki.

Simu inatosha kwa kuanzia. Kwenye iPhone kuna programu ya bure ya NIOSH yenyewe, iitwayo NIOSH Sound Level Meter. Kwenye simu za Android zipo nyingi, nyingine nzuri, nyingine za kubahatisha. Zichukue kama makadirio. Simu nyingi zikizidiwa na kelele huonyesha pungufu kuliko ukweli. Chagua kipimo cha dBA (desibeli zinazopimwa jinsi sikio linavyosikia), shika simu usawa wa sikio lako pale unaposimama kupigia, siyo mlangoni, acha bendi ipige wimbo mzima, kisha soma wastani. Usiangalie namba inayorukaruka.

Kama huna simu ya namna hiyo, tumia koo lako. Mwenzako akiwa umbali wa kunyoosha mkono, na inabidi upaze sauti ndipo akusikie, mko kwenye 85 au zaidi. Mkilazimika kuinamiana na kupigiana kelele sikioni, hapo msijadiliane tena, ondokeni kwenye bafle.

Punguza kwenye chombo chenyewe

Bendi nyingi hapa zina ugonjwa mmoja. Mpiga solo hajisikii, anaongeza ampli (kikuza sauti). Wa mi-solo (gitaa lililo kati ya solo na la kusindikiza) anafunikwa, naye anaongeza. Besi inafuata. Mpiga dramu, ambaye hana kitufe cha kuongeza, anaongeza mkono. Mwimbaji sasa hasikii sauti yake, anamwonyesha fundi kidole juu: ongeza retour (spika inayomrudishia sauti yake)! Fundi anaongeza, larsen (sauti ya spika inayorudi kwenye maikrofoni) inapiga mluzi, watu wanashika masikio. Nusu saa ya kwanza haijaisha, na kila mtu amefika mwisho wa kitufe chake bila yeyote kujisikia vizuri kuliko mwanzo.

Dawa yake ni kuanza na chombo kisichoweza kuongezwa, kisha kuomba wengine wapungue badala ya kujiongeza. Dramu ndiyo kipimo cha bendi, kwa sababu haina waya. Ipigwe kwanza kwa nguvu ya kawaida ya sherehe. Halafu aingie mwimbaji, asikike juu ya dramu bila larsen. Besi na magitaa yanaingia chini ya sauti ya mwimbaji, moja moja. Mtu akisema hajisikii, swali la kwanza ni nani anamfunika, na huyo ndiye anayepungua. Mwanzoni watu watanuna. Kiongozi wa bendi aamue kabla ya siku ya kazi, kwa sababu jukwaani kijana hawezi kumwambia mtu mzima, "Vieux (mzee), punguza kidogo," mara tatu kwa usiku mmoja na bado akaitwa kazi ijayo.

Ampli ya gitaa iko chini sakafuni, imeelekea vifundo vya miguu ya anayeipiga. Yeye anasikia kidogo, mwenye kinanda aliye mita tatu mbele anapokea yote usoni. Ipandishe kwenye kiti au kreti tupu ya bia, iinamishe ielekee kichwa cha mpigaji mwenyewe. Ukifanya hivyo ataipunguza bila kuombwa.

Dramu ndiyo ngumu kuliko vyote. Pigo la caisse claire (ngoma ndogo yenye mlio mkali), kwa kilele chake, linaweza kupita desibeli 120 sikioni mwa anayeipiga, na matoazi hayako mbali. Kwenye mazoezi bandikeni kipande cha kitambaa kizito juu ya ngozi, na chini ya matoazi fungeni utepe. Vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja kama kifagio kidogo vinafaa sana kwa kanisa dogo. Baadhi ya makanisa yamejenga kibanda cha plastiki angavu mbele ya dramu. Kinawasaidia waimbaji, lakini kinamrudishia mpigaji kelele yake, kwa hiyo aliye ndani ndiye wa kwanza kuvaa vizibo.

Na sebene? Nafahamu mtu atasema sebene bila nguvu si sebene. Sikubali. Sebene inapandishwa na magitaa yanayojibizana, mwendo wa hi-hat (matoazi mawili ya mguu), atalaku (mchangamshaji anayepaza maneno) anayejua lini aseme na lini anyamaze. Mkianza wimbo kwenye 98, mtapanda wapi? Anzeni kwenye 90, sebene ikifika 96 watu wataruka kuliko mngepiga 100 tangu salamu ya kwanza.

Mahali pa kusimama

Kwenye uwanja wa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chombo, unapungukiwa na desibeli 6 hivi. Kutoka mita 1 hadi 2 umeokoa 6, hadi mita 4 umeokoa 12. Ndani ya sale ya saruji yenye paa la mabati faida inakuwa ndogo, kwa sababu sauti inagonga ukuta na kurudi, lakini bado ipo.

Mabafle makubwa yawe mbele ya mstari wa wanamuziki, juu ya vichwa vya watu, yakielekea wasikilizaji. Nimekuta mara nyingi yakiwa nyuma ya bendi, eti ili na wao wajisikie. Huko ni kutafuta larsen na uziwi kwa pamoja. Bafle la besi likisukumwa kwenye kona linaongezewa nguvu na kuta mbili; livute mbele kidogo na utaweza kulipunguza.

Wapiga fanfari wana shida yao. Mwaka 2018 mahakama ya London iliipa haki kesi ya mpiga viola wa Royal Opera House aliyeharibika masikio kwenye mazoezi ya mwaka 2012, akiwa ameketishwa mbele kabisa ya wapiga tarumbeta. Mtu mmoja na nafasi yake ya kukaa. Basi wenye tarumbeta na tromboni wasielekeze midomo ya vyombo kwenye visogo vya walio mbele. Wapandishwe ngazi moja juu, au wapangwe pembeni.

Watoto wa kwaya msiwaweke mbele ya bafle kwa sababu ni wafupi na hapo ndipo panapobaki nafasi. Huwa sipangi sono mpaka wahamishwe.

Ukumbi mtupu unadanganya. Jioni mkipima sauti bila watu, kuta zinarudisha kila kitu. Miili na nguo za watu zinanyonya sauti, hasa ile kali. Mapazia mazito au blanketi nyuma ya dramu husaidia kabla watu hawajaingia. Na mvua ikianza juu ya mabati, msishindane nayo. Mtashindwa, na masikio yatalipa.

Vizibo: vya kununua, na namna ya kuvaa

Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi ya muziki haina: maduka ya vifaa vya usalama vya migodi. Ingia, usizunguke sana.

"Papa, uko na bouchons za masikio?"
"Za mugodi? Njo hizi."

Vile vya povu, vya rangi kali, ni bei ndogo. Kwenye pakiti utaona herufi SNR au NRR na namba ya desibeli zinazokatwa, mara nyingi karibu na 30. Hiyo ni namba ya maabara, imevaliwa na mtu aliyeelekezwa. Kwa uvaaji wetu wa haraka, nusu yake ni bahati.

Ubaya wa povu ni kwamba linakata sauti kali kuliko besi. Gitaa linakuwa kama linapigwa chini ya godoro. Ndiyo maana wanamuziki wanavitoa baada ya nyimbo mbili, kisha wanasema vizibo havifai. Vipo vingine vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki: vya silikoni, vyenye kichujio kidogo katikati, vinavyopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana. Kampuni ya Marekani Etymotic ilianza kuuza vya kuchongwa kwa ukubwa wa sikio la mtu mwaka 1988. Leo vipo pia vya kawaida visivyohitaji kuchongwa, kwa dola 15 hadi 30 hivi. Ukiwa na ndugu anayekwenda Johannesburg au Ulaya, mwagize. Kwenye pakiti tafuta namba tatu, H, M na L, za sauti kali, za kati na za besi. Zikikaribiana, muziki utabaki muziki. L ikiwa ndogo sana kuliko H, hilo ni povu lililovaa suti.

Chukua vya kupunguza desibeli 15 kama ni mwimbaji au mpiga gitaa. Arusi ya 97, ambayo bila kinga ilikuruhusu nusu saa, sikioni inakuwa 82, unamaliza usiku bila hofu. Mpiga dramu atafute vya 20 au 25.

Kuvaa povu kuna utaratibu. Nawa mikono. Libiringe kati ya vidole mpaka liwe jembamba kama kijiti, bila mikunjo. Mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio na kulivuta juu na nyuma, ili njia inyooke. Ingiza povu haraka, lishikilie kwa kidole sekunde 30 likijaa. Jipime: funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, kizibo hakijakaa. Kama tofauti ni ndogo, umekivaa vizuri. Povu likiwa chafu au halivimbi tena, litupe. Silikoni inaoshwa kwa maji na sabuni, ikauke kabla ya kurudi kwenye kikopo chake.

Kuna wanaoingiza povu nusu ili wasikie muziki. Besi inapita yote, sauti kali inabaki imefinywa, kinga karibu haipo. Pamba na karatasi ya choo navyo hupunguza desibeli chache tu. Na maganda matupu ya risasi kaa nayo mbali kabisa, hata kama wapigaji wa zamani waliyatumia.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kizibo cha desibeli 30 kikivaliwa nusu ya muda, faida yake ya siku nzima inabaki kama desibeli 3. Hivyo kizibo hafifu usichokitoa kinashinda kikali unachokitoa kila wimbo.

Zoea nyumbani na kwenye mazoezi kwanza, wiki mbili au tatu. Waimbaji watasikia sauti yao inavuma ndani ya kichwa. Kizibo kikiingia ndani zaidi mvumo hupungua. Wengine huvaa sikio moja ili wasikie sauti yao kwa lingine. Hilo la pili ndilo litakaloharibika. Wapiga tarumbeta hupata taabu zaidi na huo mvumo, kwa hiyo wao wavae angalau wanapopumzika na dramu inaendelea.

Wenye spika ndogo za sikioni badala ya retour: vaeni zote mbili, na vitufe vianze chini. Ukitoa moja, utaongeza nyingine bila kujua.

Kuwasha na kuzima sono

Hapa umeme ukikatika katikati ya wimbo na kurudi ghafla, au jenereta ikiwaka, sono yote inashtuka. Mpigo wa namna hiyo kwenye bafle, mtu akiwa amesimama mbele yake, ni hatari kuliko nusu saa ya muziki. Umeme ukikatika, mkono wa kwanza wa fundi uende kwenye ampli kuzima, wa pili ushushe vitufe vikuu vya table. Umeme ukirudi: table kwanza, vyombo vyote, ampli mwisho. Kuzima ni kinyume: ampli kwanza. Usichomeke wala kuchomoa waya wa gitaa huku njia yake iko wazi kwenye table.

Larsen ikianza, usifunike maikrofoni kwa kiganja, inazidi. Igeuzie mbali na bafle, na fundi ashushe retour.

Wiki nzima inahesabiwa

Sikio halina Jumatatu. Ukifanya kazi gereji au kwenye mashine ya kusaga mahindi, au ukisimama karibu na jenereta, kelele hiyo inajumlishwa na ya arusi na ya ibada ya Jumapili. Kwa hiyo asubuhi ya baada ya sherehe kubwa usivae spika za masikioni kwenye basi. Lipe sikio usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana bila kelele. Wakati wa mapumziko ya sherehe toka nje, uzungumze na watu upande wa barabara badala ya kukaa mbele ya DJ. Pombe, kwa upande wake, inakufanya uone sauti ni ndogo kuliko ilivyo.

Dawa nazo zina neno. Kwinini, hasa kwa dozi kubwa, inaleta mlio masikioni. Sindano za gentamisini na dawa za jamii yake zinaweza kuua zile seli za sikio, na kelele inaongeza hatari. Ukiwa kwenye matibabu hayo, mwambie daktari kwamba wewe ni mwanamuziki, na usipande jukwaani mpaka umalize. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Lini uende kwa daktari wa ORL (masikio, pua na koo)

Mlio au uzito masikioni unaoisha kesho yake ni onyo: ulizidisha. Usipoisha kwa siku mbili, nenda. Nenda pia ukiona noti moja inasikika tofauti kwa kila sikio, au vyombo vya kawaida jikoni vinakuumiza, au watu wanasema unaongea kwa kelele. Sikio likiziba ghafla, kwa saa chache au usiku mmoja, bila nta na bila mafua, ni dharura. Dawa ya kuokoa usikivu hufanya kazi vizuri zaidi siku za mwanzo, kwa hiyo usisubiri wiki ukijaribu mafuta ya moto au vijiti vya pamba. Vijiti vya pamba vinasukuma nta ndani tu.

Kwenye hospitali kubwa za mji, kama Sendwe au Cliniques Universitaires, uliza idara ya ORL na uombe audiogramu (kipimo cha usikivu) kabla hujaumwa. Omba wapime pia hezi 3000, 4000 na 6000, ambako kelele huacha alama. Pima asubuhi ya siku ambayo jana yake hukupiga. Piga picha ya karatasi na uiweke kwenye simu, uipeleke mwaka unaofuata ili daktari alinganishe. Mpiga dramu na fundi wa sono ndio wa kwanza kwenda.